Mzee wa Stoo na Mstari Uliobaki Mtupu

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikaificha katikati mkadhani ni ya mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemwambia mama wa watu, nyanya wa miaka themanini na kitu, kwa simu, kwa sauti ya mtangazaji wa habari, kwamba babu yake mzaa baba alikuwa daktari wa mfalme wa Uingereza. Nilikuwa nimekalia katoni la feni huko Malaz, nakula ndizi. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na ndizi tu.

Mwenye mama huyo ni Mzee wa Stoo. Jina lake lilikuwepo, lakini Riyadh nzima hakuna aliyelitumia. Ukisema "naenda kwa Mzee wa Stoo," Mkenya yeyote alijua unaenda Malaz, kwenye ile stoo ya spea za AC iliyo chini ya magorofa ya zamani, mlango wa chuma wa kijani, ndani baridi kama ndani ya friji.

Mara ya kwanza kwenda kwake nilitumwa na madam. Mimi ni dereva wa nyumba, na nyumba yetu ya Sulimaniyah AC ya sebuleni ilikuwa imeanza kukohoa. Nikafika kaunta, nikakuta mzee wa madoadoa usoni, macho rangi ya maji ya mchele, kalamu mbili mfukoni. Hakunisalimu. Aliuliza, "Kazi?"

Nikasema, "Dereva."

"Sio wewe. Kifaa unachotaka. Kinafanya kazi gani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Kazi kwanza, jina baadaye. Alisema jina la spea linabadilika kila kiwanda, Mchina analiita hivi, Mtaliano vile, lakini kazi yake haibadiliki: kama ni ya kusukuma hewa, itasukuma hewa mpaka ife. Alinipa kifaa sahihi bila kufungua katalogi. Nikamheshimu siku hiyohiyo, na mimi si mtu wa kuheshimu haraka. Nilitoka shule kidato cha pili kwa sababu hiyohiyo.

Wasyria walimsalimu kwa furaha wakidhani ni binamu yao, naye akawajibu kwa Kiswahili cha Taveta. Wakiduwaa, anawaambia, "Halas, basi, endeleeni." Hakupenda kuulizwa ametoka wapi na ile rangi yake nyeupe. Lakini ukimuuliza Ijumaa, stoo ikiwa imefungwa na chai iko mezani, hapo utajuta kuuliza, maana utaondoka magharibi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama yake alizaliwa kwenye shamba la mkonge upande wa Taveta. Baba wa huyo mama alikuwa Mwingereza mfanyakazi wa shamba, akaondoka kabla mtoto hajazaliwa, na hakuonekana tena. Aliacha vitu viwili. Cha kwanza ni maneno matatu aliyoyaacha kwa padri wa misheni, ambayo padri aliyaandika kwenye kadi ya ubatizo ya mtoto: Wilfred Tarrant, seremala, mtu wa Norfolk, huko Uingereza. Cha pili ni hadithi fupi ambayo bibi yake Mzee alikuwa akimsimulia binti yake, kwamba huyo mzungu kila alipoenda alifuatwa na mbwa wadogo wawili, miguu mifupi, na alikuwa na tabia ya kupiga mluzi.

Basi. Ukoo mzima wa upande huo ni kadi moja na mbwa wawili.

Mtu mwingine angeacha hapo. Lakini Nyanya, ndivyo tulivyomwita sote mama yake, alikuwa na jambo lake. Kwetu mtu akizikwa lazima wasifu wake usomwe: alikuwa binti wa fulani, mjukuu wa fulani, mzaliwa wa wapi. Nyanya amehudhuria mazishi mengi kuliko padri, na kila mara aliposikia wasifu wa mwenzake ukianza na majina mawili matatu ya wazee, alirudi nyumbani kimya. Mwishowe akajiandikia wake mwenyewe kwenye daftari la shule, ili asije akaandikiwa na watu wavivu. Umejaa vizuri, watoto, wajukuu, kwaya, shamba. Isipokuwa mstari wa pili. "Baba yake alikuwa Wilfred Tarrant," basi. "Mwana wa," halafu nafasi. Alimwambia mwanawe waziwazi: sitaki kuzikwa na mstari mtupu.

Kwa hiyo kila Ijumaa Nyanya anapiga simu, na swali ni moja. "Umempata?"

Na kila Ijumaa Mzee anajibu, "Bado, Mama. Niko karibu."

Alikuwa karibu miaka kumi na moja.

Njia yake ilikuwa kwenye kompyuta kibao ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Zamani kule Uingereza kila kanisa lilikuwa na kitabu. Mtoto akibatizwa wanaandika jina lake, majina ya wazazi, na kwenye safu ya mwisho kazi ya baba. Mwana wa seremala naye huwa seremala, ndivyo Mzee alivyohesabu. Siku hizi kurasa zile zimepigwa picha zikawekwa kwenye intaneti, mwandiko wa wino uliokolea na kufifia, kama kuku amepita. Mzee aliosha mikono kabla ya kuzisoma. Alipiga pasi shati. Nikamuuliza siku moja, "Mzee, unatoka?" Akasema, "Naingia kanisani," akavaa miwani, akaingia kijiji fulani cha Norfolk akiwa amekaa juu ya mtungi wa gesi.

Nilijigamba kwake kwamba Kiingereza cha mwandiko wa zamani nakijua. Sikijui. Nilikuwa nasoma herufi mbili za mwanzo, zilizobaki naziombea. Lakini nilipenda zile kazi. Hakukuwa na kina fulani meneja, fulani mshauri. Kulikuwa na mshona viatu, fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mtu wa kuloweka ngozi, mtu wa kuezeka nyumba kwa nyasi, mtu ambaye kazi yake yote ni kufungua lango la barabara na kulifunga. Mzee alitugawia sote. Mimi nikawa Mtunza Farasi, kwa sababu nalala karibu na gari. Mpishi wa nyumba yetu, Mzanzibari, rafiki yangu wa chumba kimoja, akawa Mwoka Mikate wa Kijiji. Mpakistani aliyetuletea chai akawa Mchota Maji. Miaka minne Mzee hakuniita kwa jina langu hata siku moja, na sidhani alilijua.

Sasa huyu mtu anayewatafuta Waingereza kwa mapenzi namna hiyo, Waingereza wenyewe hakuwapenda. Alikuwepo injinia mmoja wa kwao aliyekuja stoo kuchukua vifaa vya jengo lake. Mzee alimsimamisha kaunta, akajifanya anahesabu skrubu. Injinia akaangalia saa, akauliza kwa upole kama kuna shida.

"Hakuna shida," Mzee akamjibu kwa Kiingereza safi. "Sisi tumewasubiri miaka themanini."

Yule mtu akafikiri ni habari ya oda. Akaomba radhi.

Na tena, alikuwa mtu wa ukweli mpaka anachosha. Ukimwambia umekuja na dakika tano, anaangalia saa ya ukutani. Lakini makaratasi yake mwenyewe yalikuwa kichekesho. Ikama yake, ile kadi ya ukaazi, upande wa kazi ilisema mchunga ngamia. Kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alipomleta alikuwa amebakiwa na nafasi ya mchunga ngamia, basi akamwingiza kwa hiyo, na haikubadilishwa tena. Mzee wa watu anaogopa hata mbuzi. Siku moja askari alimsimamisha karibu na taa za Malaz, akasoma ikama, akamtazama, akatazama zile kalamu mbili mfukoni.

"Ngamia wako wako wapi?"

"Wako likizo," Mzee akasema kwa Kiarabu kilichonyooka.

Askari alicheka mpaka akamrudishia kadi kwa mikono miwili. Mzee alitusimulia hadithi hiyo mara nyingi, na sisi tulicheka kila mara, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na akili ya kuona kilichomo ndani yake. Tulikuwa watu wazima wanne.

Turudi kwenye aibu yangu. Ilikuwa Ijumaa mbaya. Mzee alikuwa na Tarrant maseremala wa kutosha kujenga safina, vizazi vinne, amewachora kwa kalamu nzito kwenye katoni la kompresa na kulibandika ukutani. Tatizo Wilfred hayumo. Kila familia ya seremala Tarrant aliifuata mpaka mwisho, watoto wote, na Wilfred hakuna. Asubuhi hiyo ndiyo aliimaliza familia ya mwisho. Akavua miwani akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Simu ikaita. Nyanya. Nikaipokea mimi.

"Amempata?" akauliza. Sauti ilikuwa imepungua tangu wiki iliyopita, alikuwa na homa. Sijui nini kilinishika. Nadhani nilitaka tu swali lile lipumzike.

"Amempata, Nyanya. Keti chini. Baba wa baba yako alikuwa daktari wa mfalme."

Halafu akauliza, "Na mbwa?"

Hapo ningetoka. Lakini mimi nikianza siachi. "Mbwa wapo, Nyanya. Wakubwa kama ndama. Wa kulinda jumba."

"Ahaa," akasema. Akacheka, cheko refu, na nyuma yangu kikombe kikatulia kwenye maji. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na povu mikononi. Angeweza kuichukua ile simu palepale. Hakuichukua. Baadaye aliniambia hakuwahi kumsikia mama yake akicheka hivyo, akakosa mkono wa kuichukua.

Ndani ya wiki mbili habari ikafika kanisani Taveta. Kikundi cha akina mama kikapika. Majirani wakaanza kumletea Nyanya watoto wenye kikohozi, kwa kuwa udaktari uko kwenye damu. Naye anawapa asali na ndimu, wanapona, sifa inaongezeka. Nilipomsimulia mpishi, aliacha kukatakata kitunguu.

"Wee umemzulia bibi wa watu babu?"

"Kidogo tu."

"Babu hazuliwi kidogo. Utakuja kuumbuka, tena kweupe."

Mzee alininyamazia Ijumaa tatu. Ya nne akanimiminia chai, akasema maneno niliyoyabeba mpaka leo. "Umenipa kazi mbili sasa. Kumtafuta aliyekuwepo, na kumfukuza asiyekuwepo."

Na wakati ulikuwa unamkimbia. Nyanya aliingia hospitali akatoka, akaingia akatoka. Stoo nayo ilikuwa inahamishwa, na Mzee alikuwa amekwisha kuambiwa ajiandae kurudi nyumbani moja kwa moja. Akarudia Norfolk yote upya, kijiji kwa kijiji, seremala kwa seremala, kwa kudhani kuna mmoja alimruka.

Siku aliyoletewa ikama mpya, ya mwisho, mimi ndiye niliyempeleka kuichukua kwa gari la madam, tukisingizia tunakwenda kujaza mafuta. Akaipokea, akaisoma, akanionyesha. Picha mpya, mvi mpya, kazi ileile. Mchunga ngamia.

Nikasema, mimi na mdomo wangu, "Mzee, siku moja kitukuu wako atakutafuta. Atatafuta kwa wachunga ngamia wote wa Saudia, atakukosa."

Nilikuwa nangoja acheke. Hakucheka. Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi, yeye bado ameishika ile kadi mbele ya macho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, sasa kwa woga.

"Kadi ya misheni," akasema polepole. "Seremala. Nani alimwambia padri ni seremala?"

"Yeye mwenyewe, si ndiyo?"

"Au karatasi yake ya shamba. Labda shamba lilikuwa na nafasi ya seremala tu." Akaipigapiga ikama kwenye goti. "Miaka kumi na moja namtafuta mtu kwa kazi aliyoandikiwa na kafili wake. Mimi. Mchunga ngamia."

Tukarudi stoo. Alipofika alibandua lile katoni la maseremala ukutani, akalikunja mara nne.

Wiki iliyofuata familia ya bosi ikahamia Jeddah, na mimi na mpishi tukahamishwa nao kama samani. Mzee hakuwa mtu wa ujumbe wa simu. Miezi ikapita. Nikaambiwa stoo imefungwa. Nikasikia Nyanya amelazwa tena. Nilikuwa najiambia nitapiga simu, halafu namkumbuka yule daktari na ndama wake wawili, naona nijaze maji ya wiper kwanza.

Halafu mchana mmoja, mtaa wa Rawdah huko Jeddah, nimeegesha nje ya kliniki ya meno namsubiri madam, mpishi yuko kiti cha nyuma na vikapu vya sokoni, nikaona teksi inasimama na Mzee wa Stoo anashuka. Shati limepigwa pasi. Ndege yake ilikuwa usiku, kutoka Jeddah, na alikuwa amemuuliza mlinzi wa nyumbani kwetu tuliko. Akaingia kiti cha mbele, akamwangalia mlinzi wa kliniki aliyekuwa amekuja kutuambia tusogeze gari.

"Jina?" Mzee akamuuliza.

Mpishi akanigusa bega kwa nyuma. Sisi sote tulisikia. Jina, sio kazi.

Akatoa karatasi kwenye bahasha. Ukurasa wa kitabu cha kanisa, umechapishwa. Aliacha maseremala, akatafuta jina tupu. Norfolk yote kwa miaka ile ilikuwa na Wilfred Tarrant wawili tu. Mmoja alizikwa mtoto mchanga. Huyu ndiye wa pili. Kidole chake kikapita kwenye mstari: Wilfred, mwana wa James na Ann. Kikafika safu ya mwisho, kazi ya baba, kikasimama.

Nikasoma herufi mbili, nikashindwa kuombea zilizobaki. "Inasema nini?"

"Mwindaji panya."

"Panya panya?"

"Panya. Anatoka shamba hili anaingia lile, na gunia, anawaua. Na baba wa James naye, mwindaji panya. Na ndugu zake. Kabila la wawinda panya." Alisema bila kutabasamu, lakini madoadoa usoni yalikuwa yamesogea. "Mama hajui. Ametoka hospitali jana." Akapiga namba, ikaanza kuita, akanikabidhi simu. "Daktari ulimleta wewe. Mtoe wewe."

Jamani. Nimewahi kusimamishwa na polisi nikiwa sina leseni, lakini si hivi. Uso wa Nyanya ukatokea kwenye skrini, mdogo, kitambaa kichwani, nyuma yake kuku anapita.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba. Ni yule dereva? Daktari wetu anaendeleaje?"

"Nyanya, daktari amefariki."

"Si alifariki zamani?"

"Amefariki tena." Nyuma yangu mpishi akakohoa. "Hakuwepo, Nyanya. Nilimtunga. Nisamehe. Mwenyewe amepatikana sasa, amepatikana kweli, na karatasi iko hapa. Babu yako aliitwa James Tarrant. Alikuwa mwindaji panya."

Nikamwona anatazama pembeni. Mzee alikuwa ameshika kitasa cha mlango kama mtu anayetaka kushuka gari likienda.

"Panya," akasema Nyanya.

"Panya."

"Wanawindwa na nini?"

Mzee akaingiza kichwa kwenye skrini. "Mbwa, Mama. Wadogo, wa miguu mifupi, waweze kuingia mashimoni. Na mtu anawaongoza kwa mluzi."

Nyanya akafunga macho. "Mama alikuwa akisema wale mbwa walikuwa wakiingia chini ya godauni la mkonge kichwa kwanza," akasema. "Wakitoka wana kitu mdomoni. Nikimuuliza ni kitu gani, anasema nile kwanza." Akafungua macho. "Ni yeye. Sasa nimemwona."

Halafu akaniita mimi. "Dereva."

"Nyanya."

"Mbwa wako walikuwa wakubwa kama ndama. Wa baba yangu walikuwa wakipita chini ya mlango. Ulifikiri nimekuamini?"

"Lakini Nyanya, uliwaambia kanisa zima."

"Nilitaka nionje kuwa na babu, hata wa kuazima. Kwenye daftari nilimwandika kwa penseli." Akageuka akamwita mtu nyumbani amletee kalamu ya wino na raba. Tukasubiri. Tukamsikia anafuta, anapuliza vumbi, anaandika, anatamka kila neno kama anaimba kwaya. Alipofika "mwindaji panya" alilirudia mara mbili, la pili kwa sauti ya kusikika kwa majirani.

Mzee alifuta miwani muda mrefu sana. Kisha akatoa daftari lake la stoo, akanitazama kama ndiyo siku ya kwanza.

"Jina lako kamili?"

Nikamtajia yote matatu. Akayaandika. Nikachungulia safu ya kazi: muongo, baadaye dereva. Akashuka, akanyoosha shati, akasimamisha teksi yake ya kwenda uwanja wa ndege. Hakupunga mkono. Ila alipokuwa anaingia nilisikia kitu ambacho sikuwahi kumsikia miaka yote. Alikuwa anapiga mluzi.

Nikabaki nimeshika usukani wa gari lililozimwa. Mpishi akapanda mbele kwa kupita katikati ya viti, na vikapu vyake, akajiweka vizuri pale Mzee alipokuwa amekaa, akamenya chungwa.

"Unajua nini, mwanakwetu," akasema. "Ukoo ule haujaacha kazi bado. Wewe ndo panya wao wa mwisho."